Korosho Kumi za Mama Somoe

Mwezi uliopita mwanamke mmoja aliingia kwenye chumba changu cha tiba hapa Masasi, akaketi, akaweka mkoba mapajani, akanisalimia. Nilimwitikia bila kuinua uso, maana nilikuwa namalizia kuandika maelezo ya mgonjwa aliyetangulia. Nikamuuliza anaumwa nini, akasema tumbo. Nikamuuliza linauma kiasi gani, akajibu, "Kidogo tu, Dokta. Salama." Hapo nikainua uso. Namna ile ya kusema salama huku kiganja kimefunika kitovu nilikuwa nimeiona kwa mtu mmoja tu maishani mwangu, na mtu huyo yuko kaburini siku nyingi. "Wewe ni Somoe," nikasema. "Somoe wa Mkunya." Akatabasamu kwa upande mmoja. "Ndiye mimi. Mimi nilikujua tangu mlangoni, Dokta Korosho." Sikumuuliza swali jingine. Nilifunika kalamu, nikamwomba mwenzangu wa chumba cha pili ashike foleni yangu, nikamwambia Somoe anyanyuke twende kwangu tukale kwanza. Saa sita ilikuwa bado. Waliokuwa kwenye benchi walinung'unika, na walikuwa na haki, mmoja akasema kwa sauti ya kutaka nisikie, "Kumbe Dokta naye ana wa kwao." Ili uelewe kwa nini mtu aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu anaacha foleni na kwenda kumsongea mgonjwa ugali, inabidi nikusimulie mwaka nilioishi Newala nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Nitakusimulia polepole. Hata mimi nilichelewa kuuelewa.

Mwaka ule niliajiriwa kukusanya taarifa za utafiti. Alikuja daktari mmoja kutoka China, fundi wa dawa za asili za kwao, akitaka kujua kama mchanganyiko fulani wa mizizi na maganda unaweza kuwasaidia watu ambao matumbo yao huharibika kwa sababu ya msongo wa mawazo: wale wanaopata kiungulia wakigombana, wanaoharisha wakipata barua, wanaojaa gesi kila wakikumbuka jambo. Nilidhani kazi ngumu ingekuwa kuwaeleza watu ugonjwa wenyewe. Haikuwa. Siku ya kwanza kwenye zahanati, daktari alisimama mbele ya watu akaeleza, nami nikitafsiri, kwamba kwa elimu ya kwao ini likikasirika hulivamia tumbo. Mzee mmoja wa Makote aliyekuwa amekaa mbele akaangua kicheko. "Hilo nalo limepanda ndege kuja kutuambia? Sisi maneno yanatukata maini tangu enzi za babu zetu!" Watu wakacheka, na daktari, bila kuelewa, akacheka nao. Walipomuuliza mtoto wake anaitwa nani akasema Mei, na tangu siku hiyo akawa Baba Mei. Alikuwa na kawaida ya kushika kifundo cha mkono wa mgonjwa kwa vidole vitatu, akafumba macho, akasikiliza mshipa kwa muda mrefu sana. Wanawake walipanga foleni kwa ajili ya hilo tu. Nilimsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Huyu kanishika mkono leo kuliko mume wangu tangu anioe." Mwenzake akamjibu, "Basi usimwambie umepona."

Nilipanga chumba cha uani katika mji wa Newala, kwenye nyumba ya mjane aliyekuwa akiuza maandazi. Dirisha lilikuwa dogo kama kitabu, na asubuhi ukungu kutoka bondeni uliingia mpaka chandarua kikalowa. Maji yalikuwa ya kupangia foleni. Tulikoga kwa kopo tatu na tulijua kila kopo limetumika wapi. Nilikuwa na kitanda, jiko la mafuta, na maboksi ya utafiti yaliyojaa hadi karibu na dari. Ndani ya maboksi kulikuwa na pakiti za unga wa kahawia, kila moja na namba yake. Hapa naomba unifuate vizuri, maana bila hili hutaelewa ukatili wa mambo yaliyofuata. Nusu ya pakiti zilikuwa na dawa yenyewe. Nusu nyingine zilikuwa na unga wa kufananishia, uliopikwa uwe na rangi ile ile na uchungu ule ule, lakini hauna dawa. Mgonjwa hakujua anakunywa upi, wala mimi sikujua nampa upi. Orodha ilikuwa imefungwa mahali pengine. Si udanganyifu, ndivyo mtu anavyoweza kujua kama dawa ndiyo iliyoponya au ni kule kuhudumiwa tu. Kila mshiriki alielezwa na akaweka dole gumba. Mpaka leo naamini njia ile ni nzuri. Ila njia nzuri inataka kitu kimoja: mgonjwa akwambie ukweli.

Tuliletewa dodoso lililomtaka mgonjwa ataje maumivu yake kwa namba, sifuri mpaka kumi. Watu hawakuipenda namba. "Maumivu ni mengi," mtu atakwambia, "utayahesabuje?" Nikabuni njia yangu. Nilinunua bakuli dogo la bati lenye ua jekundu, nikachukua korosho ghafi kumi zilizolingana ukubwa, nikawa naziweka kiganjani mwa mgonjwa na kumwambia, "Tia bakulini maumivu yako ya wiki hii. Yasiyokuwepo yabaki mkononi." Ikawa kama mchezo. Vikongwe waliizoea kwa dakika moja, wakaanza kuniita Dokta Korosho. Msimamizi wetu, Bwana Lusekelo, mtu wa Mbeya, mnyoofu kama rula, aliisifu mbele ya wenzangu wawili wa kukusanya taarifa na kusema nina kichwa cha utafiti. Alituambia pia kwamba mwisho wa mwaka mmoja wetu atagharimiwa masomo ya udaktari, naye ni yule atakayekuwa na fomu safi: bila mapengo, bila mshiriki aliyekimbia. Kisha akatupa sheria moja aliyoirudia kila Jumatatu. "Msile kwa washiriki. Hata muhogo. Ukila kwake, ataona haya kukwambia dawa haifai. Chakula ni rushwa." Aliisema kwa nia njema kabisa. Alikuwa anawaogopa wagonjwa waongo, ndipo akafunga mlango wa pekee ambao ukweli ungepitia.

Nieleze jambo ambalo mtoto wa Newala hulijua kabla ya kuota meno, nami nililijua nikiwa nimekwisha chelewa. Kule nilikokuwa naenda, mgeni hapewi habari mbaya akiwa amefika tu. Utabisha hodi, utakaribishwa, utaulizwa za utokako, nawe utauliza za hapa, na jibu litakuwa njema, hata kama chumba cha pili kuna maiti. Si uongo. Ni mkeka unaotandikwa ili habari yenyewe ije ikae. Mgeni atapewa maji, atapewa chakula, atanawa mikono, na hapo mwenyeji atakohoa kidogo na kusema, "Sasa, mwanangu, ni hivi." Ukiondoka kabla ya kula, umeondoka na salamu. Mimi kila wiki niliondoka na salamu, nikaziandika kwa wino mweusi, nikaziita takwimu.

Mama Somoe alikuja zahanati siku ya kwanza akiwa amevaa kanga mbili zilizofuliwa mpaka maandishi yakafifia. Alikuwa mrefu, mwenye shingo ya kujivunia, umri wa kuwa mama yangu mdogo. Baba Mei alimshika mshipa, akamwambia atoe ulimi, akauliza kama ana huzuni. Kabla hajajibu, mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alimjibia. "Ana mwanaume huyo, Baba Mei! Kaenda kuoa Tandahimba. Tumbo lake linaumwa mwanaume!" Foleni nzima ikacheka. Mama Somoe hakugeuka. Nilipompa korosho alitia tisa bakulini, akabaki na moja, akaitazama sana hiyo moja kama mtu anayefikiria kuuza kitu. Tisa ilikuwa kweli. Siku hiyo alikuwa mgonjwa, na mimi ndiye mwenyeji, tuko kwenye jengo langu. Kuanzia wiki iliyofuata nilimfuata kwake Mkunya, nikawa mgeni wake, na tangu hapo hakunipa ukweli tena.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi mwembamba uliosiribwa kwa udongo mwekundu. Ukutani palikuwa na kalenda iliyopitwa na miaka, na pembeni mtungi wenye kifuniko cha mbao. Nilikwenda kila Alhamisi. Sakafu ilikuwa imefagiliwa mpaka mistari ya ufagio ikionekana, na uani kulikuwa na kirundo cha majivu mapya. Nilimsifia usafi. "Alhamisi ni siku ya mgeni," alisema. Binti yake Somoe, wa miaka kumi na moja hivi, alikaa kizingitini akinitazama bila kupepesa. Wiki ya kwanza Mama Somoe alisema "salama", kiganja kimefunika kitovu, akatia korosho saba. Ya pili, sita. Ya nne alitia nne tu, nami, kwa jinsi nilivyo, sikuweza kujizuia: nikapiga kigelegele. Mimi ni mtu wa kumtia mwenzangu moyo, ndivyo nilivyoumbwa. Mtoto akijifunga kamba ya kiatu mwenyewe nitapiga makofi. "Hongera mama yangu! Unaona? Endelea hivyo hivyo!" Akacheka, akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga. Ng'ambo ya ua nikasikia sauti ya jirani, "Kwa Mama Somoe kuna nini, harusi?" Na Mama Somoe, akipaza sauti kuliko nilivyowahi kumsikia, akajibu, "Tumbo limepoa, shoga! Mwambie na aliyeko Tandahimba!"

Ikawa desturi. Kila Alhamisi korosho zilipungua, kigelegele kikapanda. Nilianza kuwaeleza washiriki wengine habari zake bila kumtaja: yuko mama mmoja alikuwa tisa, sasa yuko tatu, nawe utafika. Nao wakafika, nani angependa kuwa mkaidi peke yake? Niliona anapungua mwili. Nilimuuliza, akasema anafunga sunna, Jumatatu na Alhamisi, kumshukuru Mungu kwa kupona. Niliona jambo hilo zuri na nikaliandika pembeni ya fomu: ana moyo wa shukrani. Siku moja nilipokuwa naondoka nilimkuta jirani yule wa ng'ambo akitwanga na mwenziye, akaniambia bila kuacha mchi, "Dokta Korosho, huyo mwenzio anapendeza siku hizi. Kawa mwembamba kama mwali. Anataka mume amrudie." Mwenziye akadakia, "Akirudi atamkuta mchi, hakumwacha mchi." Wakacheka mpaka mchi ukasimama. Nami nikacheka. Nakumbuka kabisa kwamba nilicheka.

Wiki ya nane Baba Mei alifuatana nami kuwaona baadhi ya wagonjwa. Alimshika Mama Somoe mshipa kwa muda mrefu kuliko kawaida, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, halafu wa kulia tena. Akamwambia atoe ulimi. Akauliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Mama, kula? Lala? Choo?" Mama Somoe akajibu, "Nzuri, Baba Mei. Zote nzuri." Daktari akanivuta pembeni, karibu na mtungi, akaniambia kwamba ulimi na mshipa havikubaliani na fomu zangu. Mshipa ni wa mtu anayeisha. Alitaka tumpeleke hospitali kubwa akapigwe kipimo cha mpira wenye kamera, unaoshushwa kooni mpaka tumboni. Nataka uone vizuri nilichofanya, maana sikukifanya kwa ubaya. Nilimweleza kwa subira. Nilimwonyesha karatasi: tisa, saba, sita, tano, nne. Tatu. Tatu. Mbili. Nilimkumbusha kwamba tukimtoa mshiriki katikati, kwa sheria zao wenyewe, taarifa zake zote zinafutwa. Nikamwambia ulimi unaweza kubadilika kwa kufunga. Alisitasita. Nikamwambia basi tumuulize mwenyewe. Nikatoa bakuli. Mama Somoe alipokea korosho kumi, akatutazama wote wawili, na macho yake yakatua kwangu, si kwa daktari. Akatia moja. Moja tu, ikalia kwenye bati. Nikapiga kigelegele kirefu, na Baba Mei, ambaye nadhani alikuwa anatamani sana kuamini, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile na kufunga mkoba wake. "Namba nzuri," akasema.

Wiki ya kumi na moja mvua ilinikuta ndani ya nyumba ile mchana. Ilikuwa mvua ya kupiga bati mpaka watu wanaongea kwa mikono. Njia ya kurudi mjini ikageuka mto mwekundu. Mama Somoe akasema, "Leo Mungu amekufungia mlango. Utakula." Nilifikiria sheria ya Bwana Lusekelo, nikafikiria na njaa yangu. Somoe alileta maji ya kunawa, kisha ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa korosho za kutwanga, na kibakuli cha ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha. Sijala kisamvu kama kile tena. Mama Somoe alikaa mkekani akaegemea ukuta, akanitazama nikila, akinisogezea mchuzi kila tonge. Nilimwambia karibu, akasema amefunga. Nilikula nikashiba, nikanawa. Akakohoa kidogo.

"Sasa, mwanangu, ni hivi," akasema. "Sikufunga. Hakipiti."

Akanieleza akiwa ametulia, kama mtu anayeelekeza njia. Ugali haujashuka kooni mwake kwa miezi miwili. Uji unashuka nusu, na nusu unarudi. Anatapika vitu vyeusi kama machicha ya kahawa. Choo ni kama lami. Nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko ilivyostahili, "Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nikwambie saa ngapi? Ukiingia unasalimia, unatoa bakuli. Mgeni amesimama nitamtupia habari kama hizo?"

"Nilikuwa nakaa, mama. Kila siku nilikaa."

"Ulikuwa unakaa, mguu mmoja uko nje." Akanyoosha mkeka kwa kiganja. "Na ulikuwa unafurahi. Mtoto wa watu umetoka kwenu mbali, chumba cha kupanga, maji ya kopo. Nikaona furaha yako ni hiyo moja kwa wiki. Nami nikunyime?" Kisha akacheka kidogo, na kicheko kikamuuma, akashika tumbo. "Na mimi nilikipenda kigelegele chako. Tangu baba Somoe aondoke, hakuna aliyepiga kigelegele nyumbani kwangu. Wale wa ng'ambo wakikisikia walikuwa wananyamaza."

Nilitoa bakuli kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Akazimimina korosho zote kumi kwa mara moja. Tukazitazama. Halafu, kabla sijashika kalamu, akaziokota moja moja, nane, akaniwekea kiganjani na kukifunga kwa vidole vyake vilivyokuwa baridi. "Andika mbili. Imebaki Alhamisi moja. Usiharibu kazi yako kwa ajili ya tumbo la mtu mmoja. Ukimaliza, utanipeleka hospitali. Nimengoja yote haya, nitashindwa wiki?"

Niliandika mbili.

Nimewafundisha vijana wengi tangu wakati ule, na huwa nawaambia wasijione wabaya wanapokosea, wajirekebishe tu waendelee. Nawe nakwambia hivyo hivyo. Lakini sitakudanganya kwamba nilikosea. Kukosea ni zile wiki kumi. Siku ile nilijua, nikahesabu wiki moja dhidi ya miaka mitano ya masomo, nikaona wiki ni ndogo. Alhamisi ya mwisho nilikwenda, akatia mbili, na sikupiga kigelegele. Jirani wa ng'ambo akauliza, "Leo kimya?" Mama Somoe akamjibu, "Mdomo wake unapumzika."

Siku ya pili baada ya kufunga fomu nilimpeleka hospitali kubwa. Walimfungua, wakatazama, wakamshona. Ilikuwa saratani ya tumbo. Haikuwa mawazo, haikuwa ini lenye hasira, haikuwa mwanaume wa Tandahimba. Daktari aliyempasua alikuwa mtu mpole. Aliniambia wiki moja isingebadili kitu. Nikamuuliza, "Na wiki kumi na mbili?" Akaanza kunawa mikono ambayo alikwisha nawa. Mama Somoe alizikwa Mkunya kabla mikorosho haijatoa maua. Mume alikuja kutoka Tandahimba, akalia kwa sauti kubwa kuliko wote, akashikwa na watu wawili asianguke. Nilikuwa nimekaa na wanawake, nikawasikia. "Na dawa ya Mchina ilikuwa imemponya kabisa! Tulisikia wenyewe vigelegele." "Dawa itaponya tumbo, moyo je? Huyu kafa kwa mapenzi." "Mwanamke mzima, kufa kwa ajili ya mwanaume." Wakatikisa vichwa. Nilikuwa mtu wa pekee pale, ukimtoa mtoto mmoja, aliyejua kwamba hakuna neno la kweli katika maneno yale, na ningeweza kumrudishia heshima yake kwa sentensi moja. Sentensi hiyo ingeanza na "niliandika". Niliinama nikachambua mchele.

Orodha ilipofunguliwa, Bwana Lusekelo alitusomea. Pakiti za Mama Somoe zilikuwa za kufananishia. Nilimuuliza ule unga ulitengenezwa kwa kitu gani, akatafuta kwenye karatasi: unga wa muhogo uliokaangwa, ukatiwa uchungu wa majani. Mwanamke aliyelima muhogo, akaumenya, akaukausha na kuutwanga maisha yake yote, alikuwa akitenga maji ya kopo kila siku kuchemsha muhogo na kuunywa kama dawa. Nao waliopewa unga wa kufananishia walionekana kupona sawasawa na waliopewa dawa yenyewe, maana wote walikuwa waungwana na wote nilikuwa nimewapigia vigelegele. Utafiti ukaandikwa kwamba hakuna tofauti. Kama dawa ile ilifaa au haikufaa, hakuna ajuaye. Mimi ndiye niliyehakikisha hakuna atakayejua. Baba Mei alikunja vitu vyake. Siku ya kuondoka alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, kama masihara, akasikiliza, akaacha kutabasamu, akanirudishia mkono wangu. Hakuniambia alisikia nini. Mimi nilipata nafasi ya masomo. Fomu zangu zilikuwa safi kuliko zote.

Haya yote yalikuwa kichwani mwangu mwezi uliopita nilipokuwa nasonga ugali hapa Masasi, na Somoe amekaa kwenye kiti cha jikoni, mwanamke wa makamo sasa, mfanyabiashara wa vitenge, mwenye shingo ile ile. Nilimwekea kisamvu, nikamwekea samaki. Alimega matonge matatu madogo, akayageuza mdomoni muda mrefu. Nilimletea maji akanawa. Nikakaa, miguu yangu yote miwili ikiwa ndani, nikangoja. Nje watu walipita, kuku akaingia akatoka. Akakohoa.

"Kila Alhamisi asubuhi," akasema, "alinituma nifukie. Alichotapika usiku kucha nilikifukia uani, nikamwaga majivu juu, nikafagia. Aliniambia, Dokta anakuja, asione. Halafu wewe unaingia, unamsifu kwa usafi." Alikuwa anasema bila hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Nilikuchukia kwa vile vigelegele. Nilikuwa nikiota nakuziba mdomo kwa majivu yale."

Nilitaka kumwambia samahani. Nilitaka kumwambia alikuwa mtoto shujaa, kwamba sasa tutashirikiana, kwamba kila kitu kitakuwa sawa. Maneno yalijipanga mdomoni kama yanavyojipanga siku zote, ya joto, tayari kutumika. Nikayameza. Nikamuuliza, "Na lako lilianza lini?"

"Kabla ya Ramadhani." Akatazama meza. "Choo ni cheusi."

Niliinuka nikaenda kabatini. Bakuli lile lipo; ua jekundu limebanduka, limebaki jani. Nikahesabu korosho kumi, nikamwekea kiganjani. Nilimwona akilitambua. Nilidhani atanirushia usoni, na ningemwelewa. Badala yake alitia moja, mbili, tatu, taratibu, kila moja ikilia kwenye bati. Ya nne. Ya tano. Alipotia ya sita alisimama, mkono ukiwa hewani, akainua macho kunitazama usoni, kama mama yake alivyonitazama siku ile karibu na mtungi, akitafuta ninachotaka.

Uso wangu haukumwambia kitu.

Akatia ya saba. Akatia ya nane.